Duka la Kujenga na Duka la Kupanga

Mama mdogo aliipokea ile pete ya waya, akaigeuza mara mbili, akaipitisha mkononi kama bangili. Akinamama wenzake wakacheka. Pete zilikuwa tatu: ya sentimita 20, ya 30 na ya 40. Nilikuwa nimekatiwa waya wa fensi na fundi wa Mlandege, hapa Iringa mjini, nikapanda Coaster hadi Mafinga, kisha bodaboda kwenye ukungu wa Mufindi, ili niende kuwaambia watu waliokuwa wakisuka vikapu vya nyasi za milulu kabla sijazaliwa kwamba kuanzia siku ile mdomo wa kikapu usizidi pete wala usipungue.

"Kwa nini?" akauliza.

Nikamwambia duka letu la mtandaoni ndivyo linavyotaka.

"Kwa hiyo mwanangu, sasa kompyuta ndiyo itatufundisha kusuka?"

Nikainamia kikombe cha chai. Ilikuwa mwanzoni mwa 2020, na jibu sikuwa nalo.

Nirudi nyuma kidogo. Kwetu mtu akikaa nyumba ya kupanga miaka mingi, ndugu huanza kumuuliza: kiwanja umepata? Msingi umemwaga? Kupanga kunaonekana ni kumtajirisha mwenye nyumba. Mwalimu Nyerere aliposema mwaka 1969 kwamba kupanga ni kuchagua, alikuwa anazungumzia mipango ya maendeleo wala si kodi ya chumba, lakini mimi ningefanya vizuri kumsikia hata kwa maana hiyo nyingine. Kwa sababu 2017, tulipoamua kuuza vikapu nje ya meza yetu ya karibu na Soko Kuu, wazo la kupanga halikunipitia kichwani. Nilitaka tovuti yangu. Yangu kabisa.

Fundi nilimpata kupitia binamu yangu: kijana mpole, ndiyo kwanza amemaliza chuo Mbeya, anatembea na kompyuta yenye skrini iliyopasuka kona. Tulipatana shilingi milioni 1.8, nusu kabla, nusu baada. Seva, yaani kompyuta ya kukodi inayobeba tovuti, pamoja na jina la tovuti vingekuwa laki moja na nusu kwa mwaka. Nilimwona ghali. Leo nikikumbuka aliyoyafanya kwa hela ile, naona nilimpunja.

Maana yule kijana hakuanza na kompyuta. Siku mbili za kwanza alikaa dukani akituangalia tunavyouza. Akaona kwamba hatuna vikapu kumi vya aina moja. Tuna kikapu kimoja, na kingine, na kingine. Huyu kaweka mistari miwili ya zambarau, yule mmoja. Cha huyu kimefunga kiuno, cha yule kimenyooka. Akatengeneza duka ambalo kila kikapu kina namba yake, picha yake, vipimo vyake, na herufi mbili za jina la aliyekisuka. Kikinunuliwa, kinatoweka kwenye rafu. Mwisho wa mwezi nabonyeza mahali pamoja, najua kila mama anadai kiasi gani. Ukurasa wa kwanza ulikusalimia "Kamwene", kwa Kihehe, na Wajerumani walikuwa wanatuandikia kuuliza maana yake.

Kasoro ilikuwa moja ya kuchekesha. Juu kulia aliweka ile alama ya kikapu cha manunuzi ambayo kila duka la mtandaoni linayo. Wateja wetu wa hapa nchini walikuwa wanaibonyeza wakidhani ndicho kikapu tunachouza, halafu wananipigia: "Dada, mbona hakifunguki?" Akaibadilisha ikawa mfuko.

Miaka miwili duka lile lilifanya kazi. Fundi akapata ajira Dar es Salaam, tukafurahi naye, akaahidi tuwasiliane. Asubuhi moja ya Agosti 2019, mteja wa Arusha akanitumia picha ya skrini kwenye WhatsApp: ukurasa mweupe, na juu yake mstari mmoja wa Kiingereza unaosema kuna kitu kimeitwa na hakijulikani.

Ilinichukua siku nne kuelewa, na niliyoyaelewa nayaeleza hapa kwa sababu yanawapata wengi. Tovuti ile iliandikwa kwa PHP, lugha ya kompyuta ya kutengenezea tovuti. Fundi wangu alikuwa amejifunza kwa mifano ya zamani, akatumia njia ya kuongea na hifadhidata ambayo PHP 7, iliyotoka Desemba 2015, iliiondoa kabisa. Duka letu lilikuwa linaishi kwa sababu tu seva tuliyokodi bado ilikuwa kwenye toleo la 5.6. Toleo hilo lilikoma kupewa marekebisho ya usalama mwisho wa 2018, kwa hiyo kampuni ya seva ikapandisha toleo, kama ilivyopaswa. Walituma taarifa mara tatu. Zote zilikwenda kwenye barua pepe ya fundi, ile ya chuo, ambayo ilishafungwa.

Nikampigia.

"Dada, pole sana. Hiyo ni kazi ya siku mbili tu, nitaipanga wikiendi."

Wikiendi ikapita, ikapita nyingine. Simlaumu, alikuwa na bosi na mtoto mchanga. Nikatafuta fundi mwingine hapa mjini. Akafungua mafaili, akakaa kimya kama dakika kumi, kisha akasema maneno ambayo nadhani mafundi wote wa dunia wamefundishwa shule moja, wawe wa tofali, wa gari au wa tovuti: "Aliyekujengea hii alikosea. Tuibomoe tuanze upya." Milioni mbili na nusu.

Hapo ndipo nilipogundua kuwa hata jina la tovuti si langu. Nilikuwa nimelilipia mimi, limeandikwa kwenye kadi zetu za biashara na kwenye kibandiko cha kila kikapu, lakini kwenye kumbukumbu za usajili mwenye nalo ni kijana yule na barua pepe iliyokufa. Kulirudisha kulihitaji barua yenye mhuri, cheti cha usajili wa biashara cha BRELA, nakala ya kitambulisho changu, na fundi mwenyewe kuandika kuwa anakubali. Wiki tatu. Aliandika siku hiyohiyo nilipomwomba, Mungu ambariki. Ningekuwa nimegombana naye, jina lile lingekwenda na maji.

Basi nikapanga. Huduma za kupangisha maduka zipo nyingi, Shopify ya Canada, Wix ya Israel, Squarespace ya Marekani na nyinginezo. Mimi sitaji niliyoichukua kwa sababu nina ya kulalamika, na nadhani mengi ni ya aina zote. Unalipa kila mwezi, wenyewe wanashughulika na seva, na usalama, na matoleo. Jioni mbili na bando la gigabaiti tano zilitosha duka kusimama. Hata ile kufuli kwenye anwani ya tovuti ilikuwepo bila kuomba. Kwenye duka la zamani haikuwepo, na tangu Julai 2018 Chrome ilikuwa inawaandikia wageni wetu kwamba si salama. Jioni ya tatu nililala usingizi ambao sikuwa nimelala tangu Agosti.

Ila chumba cha kupanga kina mlango uliokwisha kupimwa, na kitanda chako kisipopita, kinachokatwa ni kitanda.

Programu ile ilidhani nauza kama wanavyouza viatu: bidhaa moja, saizi tatu, rangi nne, na idadi iliyopo stoo. Haikujua kikapu ambacho kipo kimoja duniani. Nikajaribu kuidanganya, kila kikapu nikakifanya bidhaa yenye idadi ya moja. Vikapu sitini, kurasa sitini, picha mia mbili na kitu nilizozipiga kwa simu barazani kabla jua halijawa kali. Kikiuzwa, ukurasa wake unabaki umeandikwa kimekwisha, na mteja anayefika hapo kupitia Google anaondoka akidhani tumefunga biashara. Mwezi wa pili nilichoka. Ndipo nikaenda kwa fundi wa Mlandege na kumwomba pete za waya.

Kabla ya pete, lakini, kulikuwa na pigo la usafirishaji, na hili ndilo linaloniuma mpaka leo kwa sababu kosa ni langu peke yangu.

Kwenye duka la zamani, gharama ya kutuma kikapu kikubwa Ulaya ilikuwa juu sana. Nilikuwa nakiona kikapu kina kilo moja na gramu mia moja, halafu tovuti inamdai mteja kama anatuma gunia la viazi. Siku zote nilidhani fundi alikosea hesabu, ila wateja walikuwa wanalipa, nikanyamaza. Nilipohamia, fomu ya huduma mpya ikaniuliza uzito wa bidhaa. Nikaandika ukweli: kilo 1.1. Bei ya kutuma ikashuka vizuri mno. Nikajisifu.

Oda ya kwanza ilikuwa ya Ujerumani, kikapu kimoja cha sentimita 40. Nikakifunga kwenye boksi, nikakipeleka kwa kampuni ya usafirishaji. Dada wa kaunta akaweka boksi kwenye mizani, akaandika. Kisha akatoa futi kamba, akapima urefu, upana, kimo: 42, 42, 42.

"Dada yangu, hii ni kilo kumi na tano."

Nikamwambia aangalie mizani vizuri. Akanigeuzia kikokotoo. Mizigo ya ndege hulipiwa kwa uzito au kwa nafasi, kile kilicho kikubwa. Unazidisha vipimo vitatu kwa sentimita, unagawa kwa 5,000, unapata kilo za kulipia. Arobaini na mbili mara arobaini na mbili mara arobaini na mbili ni 74,088. Gawa, ni 14.8. Nilikuwa nimeuza hewa ya ndani ya kikapu bila kuitoza. Tofauti niliyoongeza mfukoni ilizidi bei ya kikapu chenyewe, na nyuma yake kulikuwa na oda nyingine tatu zilizokwisha kulipwa.

Fundi wangu aliyajua haya yote. Katika zile siku mbili za mwanzo alikwenda kwenye kaunta ileile, akauliza, akaandika fomula ndani ya tovuti. Hakuniambia na mimi sikuuliza. Tovuti ilipokufa, fomula ikafa nayo.

Sasa rudi Mufindi, siku ya pete. Mama mdogo alikubali kusuka kwa vipimo, kwa kunionea huruma nadhani. Mwezi uliofuata nilipokwenda kuchukua mzigo, nilikuta vikapu thelathini vimefungwa mafungu kumi. Kila fungu lilikuwa kikapu cha 20 ndani ya cha 30, ndani ya cha 40. Nikauliza nani kawafundisha kupachika hivi. Wakaniangalia kama mtu aliyeuliza nani kawafundisha kupika ugali. Kikapu hupachikwa siku zote, utabebaje kumi kichwani kwenda mnadani?

Boksi lilelile la kilo 15 za hewa likaanza kubeba vikapu vitatu. Gharama ya kutuma kwa kikapu ikawa theluthi. Nikaacha kuuza kimoja kimoja kwa wateja wa nje, nikauza seti. Kwa hiyo ukiniuliza kama kompyuta ilitufundisha kusuka, nitasema ilitufundisha vibaya, na akinamama wakalisahihisha somo bila kujua kuna somo.

Malipo sitayaongelea sana, maana kila mfanyabiashara wa hapa anayajua. Huduma ina mfumo wake wa kupokea kadi, na mfumo huo haukuwepo kwa Tanzania. Ukitumia njia ya nje wanakata asilimia 2 juu ya makato ya hao wa nje. M-Pesa ipo nchini tangu 2008, lakini kwenye orodha yao haikuwepo. Tulichofanya ni mtindo wa mkono: mteja anaweka oda, mimi namtumia kiungo cha malipo cha kampuni ya hapa inayopokea kadi na pesa za simu, akilipa namthibitishia. Mteja wa Tanzania hahitaji hata hayo, anaona picha, ananitumia ujumbe WhatsApp, nampa lipa namba, kikapu kinapanda basi stendi ya Igumbilo. Kusema kweli kwa wateja wa ndani tovuti ni albamu ya picha tu. Vitufe vyake vilikuwa Kiingereza, nikavitafsiri kimoja kimoja usiku.

Kodi ndiyo iliyonishtua. Nilianza na dola 29 kwa mwezi, dola ikiwa kama shilingi 2,300: elfu sitini na sita na ushee. Baadaye mwenye nyumba akapandisha hadi 39. Kisha, katikati ya 2024, dola yenyewe ikasogea karibu na 2,700. Kodi ikapita laki moja. Sijaongezewa hata msumari ukutani.

Hata hivyo sikuhama, na siku mojawapo iliyonibakisha ni Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya nchi nzima ikawa ya kubahatisha. Siku ile sikuweza hata kufungua duka langu mwenyewe. Ila duka lilikuwa wazi, liko ng'ambo, linauza. Mtandao uliporudi nilikuta oda mbili za seti, moja Uholanzi, moja Marekani, wanunuzi hawajui kama kuna lolote. Lingekuwa kwenye seva ya Dar es Salaam, wa Mbeya wangeliona na wa Uholanzi asingelifikia. Hilo halisemi seva ya nje ni bora kwa kila mtu. Ukiuzia watu wa Mbeya, ni kinyume chake.

Na kuna wa kujenga. Mjomba wangu ni katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ya kahawa Mbozi. Aliposikia nimepanga naye akataka apange. Nikamuuliza anataka nini: orodha ya wanachama, kilo alizoleta kila mmoja kila siku, malipo ya awali, makato ya pembejeo, malipo ya pili kahawa ikishauzwa, na ujumbe wa simu kwa kila mkulima. Hayo hayana chumba cha kupanga kinachotosha. Ungekata kitanda mpaka kibaki mto. Nilimwambia ajenge, na nikampa mambo ya kung'ang'ania kabla ya kulipa nusu ya pili: kila akaunti isajiliwe kwa barua pepe ya AMCOS na si ya fundi, mafaili yote yawe kwenye diski ya ofisi, fundi aandike kwa Kiswahili cha kawaida kwa nini kila hesabu iko ilivyo, na patengwe fungu la matengenezo la kila mwaka, kama linavyotengwa la paa. Mjomba alikubali yote isipokuwa hilo la mwisho. "Nyumba ikishajengwa imejengwa," akasema. Paa la ofisi yao linavuja, lakini sikumkumbusha, ni mjomba.

Mimi mwenyewe nimekuwa mpangaji mwenye sanduku. Jina la tovuti ni langu, kwa barua pepe yangu, na tarehe ya kulilipia nimeiandika kwenye kalenda ya ukutani jikoni, chini ya ada ya shule. Kila mwisho wa mwezi napakua orodha ya wateja na ya oda kwenye flashi. Picha zote ziko kwenye diski nyumbani, za ukubwa wake halisi, si zile zilizobanwa na huduma. Mwenye nyumba akipandisha tena au akinitoa, nitahama na sanduku langu kwa jioni mbili, au tatu. Namba za wasukaji na madai yao ziko kwenye daftari la kaunta, maana ile kazi ya duka la zamani sijapata kitu cha kuifanya vizuri vile.

Yule fundi tunasalimiana. Mwaka jana nilimtumia elfu hamsini, bila sababu, nikamwandikia ni ya ile fomula. Hakuelewa. Akanijibu, "Asante dada, fomula gani?"

Na pete hazikushinda moja kwa moja. Nusu ya duka ni seti za vipimo, nusu tunaiita vya pekee, ambavyo kila mama anasuka anavyojisikia, picha zake nazipiga barazani kama zamani. Wiki iliyopita mama mdogo alinipigia.

"Nimemaliza kimoja hakiingii kwenye pete zako hata moja."

"Kikoje?"

"Njoo ukione."

Nikaenda Jumamosi. Mdomo wake ni wa yai, upande mmoja sentimita 37, mwingine 24, na kingo imepinda kidogo kama mtu anayetaka kusema jambo. Jioni nikakaa kukiweka dukani. Fomu ikauliza kipenyo, namba moja tu, na haikubali kuachwa wazi. Nikaandika sifuri, na vipimo vyote viwili nikaviweka chini kwenye maelezo. Nikabonyeza hifadhi. Ikakubali.